Hita ya Gesi Imegoma Kwenye Nyumba Mpya: Uanzie Wapi Kukagua

Umehamia nyumba mpya. Hita ya gesi umeikuta imeshafungwa ukutani, mtungi uko roshani, na stika za kiwandani hata hazijabanduliwa. Unafungua shawa asubuhi, maji ni baridi. Au yanakuja moto, unajipaka sabuni, kisha yanapoa. Wengi wakifika hapo humpigia simu aliyeifunga na kudai hita nyingine.

Subiri kidogo. Katika nyumba mpya, hita yenyewe ndiyo iwe ya mwisho kushukiwa. Kabla yake kuna maji yasiyo na presha, paipu zilizojaa mchanga wa ujenzi, betri zilizokaa dukani muda mrefu, na mtungi usiotosha kazi. Mengi kati ya hayo unaweza kuyapima mwenyewe kwa ndoo, saa ya simu na mswaki wa zamani. Yaliyobaki usiyaguse, na nitasema ni yapi.

Ninazungumzia hita ya papo kwa papo, ile isiyo na tangi la ndani, ya lita 6 hadi 10, inayowashwa kwa betri na kutumia gesi ya mtungi. Ndiyo iliyoenea Nairobi, Limuru, Nakuru, Eldoret na kwingine ambako baridi ya Julai haivumiliki kwa maji ya tangi.

Kabla ya yote: moshi unakwenda wapi?

Usiguse betri wala mtungi kabla hujajibu swali hili. Gesi ikiungua vizuri hutoa mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Ikikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, na hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeoga hajui kinachomjia. Kichwa kinamuuma, anashikwa na kizunguzungu na kichefuchefu, magoti yanalegea, na mlango ameufunga kwa ndani. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Limuru na Eldoret zaidi ya 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo hita iliyobanwa hukosa oksijeni mapema zaidi.

Ukiikuta hita ndani ya bafu na haina bomba la kutoa moshi nje, funga mtungi na usiiwashe, hata kama inafanya kazi vizuri. Usikubali kuambiwa kwamba dirisha likiwa wazi inatosha. Asubuhi ya baridi kuna mtoto au mgeni atakayelifunga. Mwambie mwenye nyumba iondolewe na kupelekwa ukuta wa nje. Hapo hakuna ukaguzi mwingine wa kufanya.

Ikiwa ina bomba la moshi, lifuate kwa macho kutoka juu ya hita hadi nje. Katika majengo mapya bomba hili wakati mwingine huishia juu ya dari badala ya kutoka nje, au mdomo wake umezibwa na saruji ya mafundi wa plasta. Likiwa limelegea kwenye kiungo, moshi unarudi ndani. Hita iliyofungwa roshani au ukuta wa nje ndiyo bora, ila kumbuka kwamba roshani iliyozungushiwa vioo imekuwa chumba, na inapaswa kuhesabiwa kama chumba.

Nunua pia kengele ya kaboni monoksidi, ile ya betri, na uiweke karibu na vyumba vya kulala. Watu wawili au zaidi wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja ndani ya nyumba, na nafuu ikaja wakitoka nje, usidhani ni mafua. Tokeni wote, fungeni mtungi ikiwa mnaweza kuufikia bila kurudi ndani, na mwende hospitali mkamweleze daktari kwamba nyumbani mna hita ya gesi. Kwa dharura Kenya nambari ni 999 au 112.

Harufu ya gesi ni jambo jingine. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hushuka sakafuni na kuingia kwenye mitaro ya maji machafu. Ukiinusa, usiwashe wala usizime swichi yoyote, usiwashe kiberiti. Funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, na upige simu ukiwa umeshatoka nje.

Hatua ya 1: Pima maji

Hapa ndipo tatizo hujificha mara nyingi, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Hita haina akili ya kujua kwamba umefungua shawa. Inachojua ni msukumo wa maji. Maji yakipita kwa nguvu ya kutosha yanasukuma kiwambo cha mpira kilicho ndani, kiwambo kinabonyeza swichi ndogo, swichi inaruhusu betri kutoa cheche na kufungua gesi. Maji yakiwa dhaifu, kiwambo hakisogei. Hita inakaa kimya ikiwa nzima kabisa.

Soma kibandiko chake. Utaona presha ndogo kabisa ya maji inayohitajika, mara nyingi 0.02 au 0.025 MPa. Hiyo 0.025 ni sawa na maji yanayoshuka kutoka urefu wa mita 2.5. Sasa toka nje utazame tangi. Chini ya tangi hadi kwenye shawa ni mita ngapi? Ukiwa ghorofa ya juu kabisa na tangi limeketi kwenye paa hapo hapo juu yako, huenda ni mita moja na nusu tu. Jirani wa ghorofa ya kwanza ana maji moto kwa hita ya aina ile ile, wewe huna, na hakuna hita mpya itakayobadilisha hilo. Kinachotakiwa ni tangi liinuliwe au iwekwe pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye paipu inayoingia kwenye hita. Pampu nayo hutegemea stima. Ikiwa maji moto hupotea kila stima inapopotea, ingawa hita ni ya betri, umeshapata jibu.

Presha peke yake haitoshi, pima na wingi. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, fungua upande wa maji moto peke yake hadi mwisho, na uhesabu kwa saa. Hita nyingi huhitaji angalau lita 2.5 hadi 3 kwa dakika ili ziwake. Ndoo ikichukua zaidi ya dakika 3 na sekunde 20 kujaa, uko chini ya lita 3, na hapo ndipo penye shida.

Maji yakiwa machache, tafuta yanapozuiwa, kwa mpangilio huu:

1. Fungua kichwa cha shawa na vichujio vidogo vya mdomoni mwa mifereji. Katika nyumba mpya hujaa mchanga, vipande vya tepu nyeupe ya kufungia nyuzi, na maganda ya plastiki kutoka kwenye paipu zilizokatwa. Viondoe, acha maji yatiririke kwa dakika chache, kisha virudishe.

2. Angalia valvu zote kuanzia kwenye tangi. Iliyofunguliwa nusu ni jambo la kawaida kabisa baada ya mafundi kuondoka.

3. Funga valvu ya maji baridi yanayoingia kwenye hita, fungua nati, na utoe wavu mdogo wa chujio. Usugue kwa mswaki chini ya maji. Ukiurudisha hakikisha mpira wa nati umekaa sawa, la sivyo utavuja. Unapoishi na mgao wa maji, rudia usafi huu, kwa sababu maji yakirudi baada ya kukatika huja na tope.

4. Ikiwa maji ni mengi kabla ya kuingia kwenye hita lakini ni machache shawani, na chujio ni safi, shuku viungo vya paipu za ukutani. Paipu za plastiki za kuunganishwa kwa moto zikiyeyushwa kupita kiasi hujifunga kwa ndani. Hiyo ni kazi ya fundi wa mifereji, na ni yeye aliyejenga anayepaswa kuigharamia.

Kuna kosa jingine la nyumba mpya ambalo mafundi wengi hulipita: maji baridi na moto kuchanganyika mahali ambapo huoni. Lipime hivi. Funga valvu ya maji baridi inayoingia kwenye hita, acha mengine yote wazi, kisha fungua mfereji wa maji moto bafuni. Maji yanapaswa kukauka baada ya sekunde chache. Yakiendelea kutiririka, kuna mfereji wa mchanganyiko, wa shawa au wa sinki, unaoruhusu maji baridi kuvuka upande wa moto. Maji yanapita njia ya mkato na kuikwepa hita. Funga valvu za chini za kila sinki moja moja mpaka mtiririko ukome, na utakuwa umempata mkosaji.

Tazama pia kama paipu mbili za hita hazikubadilishwa. Kwenye mwili wake pameandikwa au kuwekwa alama ya maji yanayoingia na yanayotoka. Zikiwa zimegeuzwa, kiwambo kile hakitapata msukumo inavyotakiwa, na hita haitawaka.

Hatua ya 2: Sikiliza

Maji yakishathibitika, fungua upande wa moto na usogeze sikio.

Kimya kabisa? Betri. Hita nyingi hutumia mbili kubwa, zile za redio. Weka mpya za alkali, zote mbili kwa pamoja, na ukwangue kutu nyeupe au ya kijani kwenye vishikizo. Zile zilizokuja na hita usiziamini. Ikibaki kimya baada ya betri mpya na maji ya kutosha, swichi ndogo au kiwambo kina hitilafu, na hapo kweli unaweza kuilaumu hita.

Inatoa mlio wa tik-tik-tik lakini hakuna moto? Cheche ipo, gesi haifiki. Nenda hatua ya 3.

Inawaka kwa kishindo? Zima, funga mtungi, usijaribu tena kwa betri zile zile. Kishindo maana yake gesi imejikusanya kabla ya kushika moto, kwa sababu ya cheche dhaifu, uchafu kwenye vijiti vya moto, au utando wa buibui. Unaweza kubadilisha betri, lakini ikirudia hata mara moja mwite fundi wa gesi.

Hatua ya 3: Pima gesi

Usitikise mtungi kuamua kama una gesi. Upime uzito. Kwenye kola yake pamechapwa uzito wa mtungi mtupu. Toa huo kwenye uzito wa mizani na utajua kilichobaki. Ukiununua kama wa kilo 13, tofauti iwe kilo 13. Huna mizani? Mwagia kikombe cha maji ya vuguvugu ubavuni kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapobadilika kuwa baridi ndipo gesi iliyo kimiminika ilipofikia.

Ukiwa umebadilisha mtungi sasa hivi, kwenye mpira kuna hewa. Jaribu kuwasha mara kadhaa, ukipumzika kidogo kati ya jaribio na jaribio. Fungua valvu ya mtungi polepole. Baadhi ya regyuleta, vile vifaa vya kichwani mwa mtungi vinavyopunguza presha ya gesi, zina kinga ya kufunga gesi ikitoka kwa kasi, na mkono wa haraka huifanya kinga hiyo ijifunge.

Regyuleta iwe ya presha ya chini, iliyoandikwa 28 au 30 mbar, na ilingane na kibandiko cha hita, ambacho mara nyingi huandikwa 2800 Pa, yaani 28 mbar. Ile ya presha ya juu, ya majiko makubwa ya hotelini, ni hatari hapa. Tazama pia uwezo wake. Hita ya lita 10 hula karibu kilo 1.6 za gesi kwa saa ikiwaka kikamilifu. Ukikuta regyuleta imeandikwa 1.5 kg/h, na jiko la kupikia limeunganishwa hapo hapo, moto wa hita utafifia mtu akianza kupika chai.

Mtungi wa kilo 6 una tatizo lake, hasa nyanda za juu. Gesi iliyo ndani ni kimiminika, na ili igeuke mvuke inahitaji joto inalolipata kupitia ukuta wa mtungi. Ukiivuta haraka kuliko joto linavyoingia, mtungi unapoa, unatoka jasho, na presha inaanguka. Zaidi ya hapo, gesi yetu ni mchanganyiko wa propani, inayochemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani, inayochemka karibu na sifuri. Propani hutangulia kuisha. Kinachobaki chini ya mtungi asubuhi ya Julai ni butani nyingi isiyo na nguvu, na hita inazimika wakati mizani inaonyesha bado una gesi. Tumia mtungi wa kilo 13 kwa hita. Na kamwe usiupashe mtungi kwa moto wala maji yanayochemka ili kuuamsha.

Ikiwa hita ni ya mtumba au imeletwa kutoka nje, soma herufi kwenye kibandiko. G30 na G31 ni gesi ya mitungi. G20 ni gesi asilia ya mabomba ya mjini, na hita ya aina hiyo haifai kuunganishwa na mtungi mpaka vipuri vyake vibadilishwe na mtaalamu.

Mwisho wa hatua hii, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi, kuanzia valvu hadi hita, mtungi ukiwa wazi. Mapovu yakikua, panavuja. Funga mtungi kabla ya kukaza klipu. Mpira wenye nyufa haukazwi, hubadilishwa.

Hatua ya 4: Inawaka, kisha inazima

Chanzo cha kwanza ni mazoea ya kuchanganya. Maji yanakuwa moto mno, unafungua baridi, yale baridi yanapunguza mtiririko unaopita kwenye hita, unashuka chini ya lita 3, moto unazima. Fanya kinyume: fungua moto hadi mwisho na upunguze joto kwenye kitufe cha gesi cha hita yenyewe, au geuza kitufe cha msimu upande wa kiangazi ili vijiti vichache viwake.

Pili, nyingi za hita hizi zina saa ya usalama inayozima baada ya dakika 20 hivi. Hilo si kosa. Funga mfereji, ufungue tena.

Tatu, joto kupita kiasi. Ikiwa maji ni ya kisima, yenye chokaa nyingi, njia za ndani hujenga ukoko na hita hujizima kujilinda. Katika nyumba mpya hili halitokei mwezi wa kwanza, lakini likianza baada ya muda, fundi anaweza kuzisafisha kwa siki au asidi ya limau.

Nne, kijiti kinachohisi moto. Kikiwa kimepinda au kimechafuka, hita hudhani haijawaka na kufunga gesi baada ya sekunde chache tu. Hicho kiko ndani, mwachie fundi.

Kabla ya kulaumu lolote, hesabu matarajio yako. Hita ya lita 6 maana yake ni kwamba inaweza kupandisha joto la lita 6 za maji kwa dakika kwa nyuzi 25 hivi. Haitahudumia shawa mbili kwa pamoja, na hakuna fundi atakayeifanya ihudumie.

Hatua ya 5: Rangi ya moto

Chungulia kwenye kidirisha. Moto uwe wa bluu, uliotulia. Ukiwa wa njano au rangi ya chungwa, unacheza, au ukiona masizi juu ya hita, hita haipati hewa au gesi si sahihi. Huo ndio moto unaotoa kaboni monoksidi. Zima. Usioge hata kwa haraka haraka.

Unapomwita fundi

Mfuniko wa hita, valvu ya gesi, vijiti vya moto na bomba la moshi si vya kujifunzia. Mwite fundi anayeshughulika na gesi, si yule tu aliyefunga sinki. Piga picha ya kibandiko, rekodi video fupi ya sauti na rangi ya moto, na umwambie matokeo ya ndoo, urefu wa tangi na uzito wa mtungi. Atajua kwamba huwezi kuuziwa hita mpya kwa tatizo la pampu. Mpangaji ampe keateka taarifa hiyo kwa maandishi. Aliyenunua nyumba asome mkataba kuhusu muda ambao mjenzi anawajibika kurekebisha kasoro, na aandike barua kabla muda huo haujaisha.

Akimaliza, usimlipe kabla ya jaribio hili, ikiwa hita ina bomba la moshi. Funga madirisha na milango, washa feni ya kutoa moshi jikoni kama ipo, na uiache hita iwake dakika 10 naye akiwepo. Kisha shika kijiti cha udi kinachofuka karibu na uwazi ulio juu ya hita, panapoanzia bomba. Moshi wa udi unapaswa kuvutwa na kupanda bombani. Ukisukumwa kuja usoni mwako, moshi wa hita nao unarudi chumbani kwa njia hiyo hiyo: zimeni, fungueni madirisha, na hita isiwashwe tena mpaka bomba lirekebishwe na jaribio lirudiwe.